Mtu Mzima na Vitofali vya Kuchezea: Je, ni Ugonjwa?

Tumepokea barua kutoka kwa mama mmoja ambaye ni msomaji wetu wa miaka mingi. Hatutaji jina lake wala parokia yake, kwani ndivyo alivyotuomba. Kwa kifupi anasema hivi:

"Mwanangu wa kwanza ana umri wa miaka 36. Ni muuguzi huko Ulaya, na ndiye anayewalipia wadogo zake karo. Mwezi wa Desemba alikuja likizo. Katika mizigo yake alileta sanduku kubwa la vitofali vya plastiki, vile vya kuchezea watoto. Kila usiku baada ya chakula alikaa mezani peke yake akivipanga, kipande kwa kipande, hadi saa sita. Tulipomwuliza alicheka tu, akasema anapumzika. Shangazi zake wanasema kwamba huko Ulaya amechanganyikiwa. Siku ya tatu mjukuu wangu wa mwaka mmoja na nusu aliokota kipande chini ya meza, akakitia kinywani, akapaliwa. Nashukuru kilitoka. Naomba mnieleze: Je, mwanangu ni mgonjwa? Na vitu hivi vina hatari gani nyumbani?"

Barua hii ina maswali mawili, moja la afya ya akili na jingine la usalama wa mtoto. Tutayajibu yote mawili. Lakini kwanza inafaa tufahamu shughuli yenyewe, maana mara nyingi tunakiogopa kitu kwa sababu hatukijui.

VITOFALI HIVI NI NINI?

Ni vipande vidogo vya plastiki ngumu, vya rangi nyingi. Juu vina vinundu, na chini vina uwazi. Ukikibana kimoja juu ya kingine vinashikana barabara bila gundi wala msumari, na ukitaka kuvitenganisha vinaachana bila kuharibika. Viwanda vinavyovitengeneza ni vingi, lakini vinavyojulikana zaidi ni vile vya LEGO, kutoka mji mdogo wa Billund nchini Denmark.

Mwanzilishi wa LEGO, Ole Kirk Kristiansen, alikuwa fundi seremala. Mwaka 1932 mambo yalimwendea vibaya. Uchumi wa dunia ulikuwa umeanguka, watu waliokuwa wakimpa kazi za kujenga hawakuwa tena na fedha, na mwaka huohuo mke wake alifariki akamwachia watoto wanne wa kiume. Seremala huyo akaanza kutengeneza vitu vidogo ambavyo watu wangeweza kuvinunua: ngazi, mbao za kupigia pasi, na vitu vya mbao vya kuchezea watoto. Mwaka 1934 aliipa karakana yake jina la LEGO, kutokana na maneno ya Kidenmark "leg godt", yaani "cheza vizuri".

Vitofali vya plastiki vilianza kutoka katika karakana hiyo mwaka 1949, vikifuata mfano wa vile vilivyobuniwa na Mwingereza aitwaye Hilary Fisher Page. Vile vya mwanzo havikushikana vizuri. Tarehe 28 Januari 1958 Godtfred, mtoto wa seremala huyo, aliomba hataza, yaani haki ya mvumbuzi, kwa kitofali chenye mirija ndani yake. Vinundu vya kitofali cha chini hubanwa kati ya mirija na kuta za kitofali cha juu, na hapo ndipo penye siri ya kushikana kwake. Tangu mwaka huo kipimo hakijabadilika. Kitofali cha mwaka 1958 kinaingia sawasawa katika kitofali kilichotoka kiwandani hivi karibuni.

Kwa nini kitu kidogo namna hii kinaweza kuishughulisha akili ya mtu mzima? Mtaalamu wa hesabu wa Chuo Kikuu cha Copenhagen, Søren Eilers, alitumia kompyuta kuhesabu ni kwa njia ngapi vitofali sita tu, vya rangi moja na vyenye vinundu vinane kila kimoja, vinaweza kuunganishwa. Jibu lilikuwa njia 915,103,765. Mtu akijaribu njia moja kila sekunde, bila kula wala kulala, angemaliza baada ya miaka 29.

WATU WAZIMA WALIINGIAJE?

Kwa kawaida mtoto huviacha vitofali anapoingia ujana. Wapenzi wa vitofali huko Ulaya na Marekani wanauita muda unaofuata "miaka ya giza": sanduku limewekwa darini, na mwenye sanduku yuko kwenye masomo, kazi na uchumba. Wengine hawarudi tena. Wengine hurudi siku wanapomnunulia mtoto wao zawadi, wakakuta usiku mtoto amelala na wao bado wamekaa sakafuni wanajenga.

Kwa miaka mingi kiwanda kiliwalenga watoto tu. Baada ya kupata hasara kubwa katika miaka ya 2003 na 2004, kilianza kuwasikiliza zaidi wateja hawa wakubwa. Mwaka 2008 kilitoa mfululizo wa majengo mashuhuri, kwa kushirikiana na msanifu majengo wa Chicago aitwaye Adam Reed Tucker. Mwaka 2020 kilianza kutoa masanduku meusi yaliyoandikwa umri wa miaka 18 na kuendelea. Mwaka 2021 ilitoka meli ya Titanic yenye vipande 9,090, na mwaka 2022 Mnara wa Eiffel wenye vipande 10,001 na urefu wa sentimita 149, yaani unamfikia mtu mzima mabegani au kifuani.

Watu hawa wana vyama vyao. Hukutana, hubadilishana vipande, na hufanya maonyesho. Huko Skærbæk, kusini mwa Denmark, wapenzi kutoka nchi mbalimbali hukusanyika kila mwaka kuonyesha kazi zao. Na katika jumba la maonyesho lililofunguliwa Billund mwaka 2017, upo ukumbi maalumu wa kazi zilizojengwa na wapenzi, wala si wafanyakazi wa kiwanda.

Mmoja wa wanaojulikana sana ni Nathan Sawaya. Alikuwa mwanasheria wa makampuni mjini New York. Jioni, baada ya kazi ya kutwa nzima ya makaratasi na mabishano, alirudi nyumbani akajenga na vitofali ili kutuliza kichwa. Mwaka 2004 aliacha uanasheria akawa mchongaji wa sanamu za vitofali, na tangu mwaka 2007 maonyesho yake yamezunguka nchi nyingi. Hatusemi kwamba kila mtu aache kazi yake! Tunachotaka mkione ni kile alichokitafuta mtu huyu jioni, kabla hajajulikana popote: kutuliza kichwa. Ni neno lilelile alilolisema kijana wa mama yetu.

JE, NI UGONJWA?

Jibu ni hapana. Mtu mzima kupenda kujenga na vitofali si ugonjwa wa akili, wala si dalili yake.

Tuangalie mambo yetu wenyewe. Mzee anayecheza bao chini ya mwembe, akizungusha kete 64 katika mashimo 32, hakuna anayemwita mtoto. Tena tunamsifu kuwa ana akili. Mama mwenye sanduku la khanga, anayejua kila doti aliipata lini na ina maneno gani, na ambaye nyingine hajazivaa hata siku moja, naye ni mkusanyaji. Dada anayefuma vitambaa vya makochi hadi makochi yamekwisha na bado anafuma, hafumi kwa sababu ya makochi. Watu hawa wote wanafanya kile ambacho Waswahili walikwisha kukisema zamani: kazi na dawa. Tofauti ni kwamba bao, khanga na vitambaa tumevizoea, na vitofali hatujavizoea.

Wataalamu wamejaribu kueleza kwa nini shughuli za namna hii zinapumzisha. Mwanasaikolojia Mihaly Csikszentmihalyi, aliyefanya kazi Marekani, aliandika kitabu mwaka 1990 kuhusu hali ya mtu kuzama katika kazi hadi akasahau saa. Alieleza kwamba hali hiyo hutokea pale kazi inapokuwa na lengo lililo wazi, matokeo yanapoonekana papo hapo, na ugumu wake unapolingana na uwezo wa mtu. Kazi ikiwa rahisi mno, mtu huchoka kwa kukosa la kufikiri. Ikiwa ngumu mno, hujaa wasiwasi.

Sasa tumfikirie muuguzi. Mgonjwa anaweza kuhudumiwa vizuri sana, na bado akafariki. Kazi ya leo haimaliziki leo, kwani kesho vitanda vimejaa tena. Lakini kitofali kikiwekwa mahali pake kinakaa. Ukurasa wa maelekezo ukiisha, umeisha. Akikosea, anatoa vipande vitatu anarudia, na hakuna aliyeumia. Si ajabu mtu wa kazi kama hiyo kupata pumziko katika kitu cha namna hii.

Mwaka 2023 ulitolewa uchunguzi uliounganisha taarifa za watu 93,263 wenye umri wa miaka 65 na zaidi katika nchi 16. Wale waliokuwa na shughuli ya kupenda, ya aina yoyote, walionekana kuwa na dalili chache za huzuni nzito, na walijiona wenye afya na furaha zaidi kuliko wasio nayo. Lakini tuwe waangalifu. Uchunguzi kama huu unaonyesha kwamba mambo mawili yanakwenda pamoja, na huenda mwenye afya njema ndiye mwenye nguvu ya kuwa na shughuli. Kwa hiyo tusiseme kwamba vitofali vinatibu. Tuseme kwamba mapumziko yenye kazi ya mikono ni sehemu ya maisha ya afya, na hayana umri.

KWA WALE WENYE MAHITAJI MAALUMU

Iko faida nyingine ambayo wengi hawaijui. Matthew Shifrin ni Mmarekani asiyeona. Alipenda vitofali tangu utotoni, lakini hakuweza kujenga peke yake, kwa kuwa maelekezo yake ni picha tupu. Alipotimiza miaka 13, rafiki wa familia aitwaye Lilya Finkel alimpa zawadi ya sanduku la vitofali pamoja na maelekezo aliyomwandikia yeye mwenyewe, hatua kwa hatua, kwa maandishi ya nukta nundu. Wakaendelea hivyo kwa miaka, sanduku baada ya sanduku. Mama huyo alifariki mwaka 2017. Mwaka 2019, kutokana na juhudi za Shifrin, kiwanda kilianza kutoa maelekezo ya sauti na ya nukta nundu kwa ajili ya wasioona.

Kadhalika vipo vitofali ambavyo vinundu vyake vimepangwa kama herufi za nukta nundu, ili watoto wasioona na wanaoona wajifunze kusoma wakiwa meza moja. Na mwaka 2004 mwanasaikolojia Daniel LeGoff wa Marekani aliandika kuhusu watoto wenye usonji, ambao huona vigumu kushirikiana na wenzao, waliosaidiwa kwa kujenga katika kikundi. Mmoja ni mhandisi, anasoma ramani. Wa pili ni mgavi, anatafuta vipande. Wa tatu ni mjenzi, anavipanga. Hakuna anayeweza kumaliza bila kuzungumza na mwenzake, na baadaye hubadilishana nafasi. Mpango huu wazazi wanaweza kuufuata hata kwa vipande vya mbao na makopo.

NENO MOJA, MAANA MBILI

Lugha yetu ina neno uraibu. Neno hili lina maana ya shughuli ambayo mtu anaipenda na kupitishia wakati. Lakini lina maana pia ya mazoea yaliyomshika mtu hata hawezi kuyaacha, kama vile tumbaku. Neno ni moja, na mara nyingi njia nayo ni moja. Mtu huanzia upande wa kwanza akajikuta upande wa pili. Wahenga walisema, mzaha mzaha hutumbuka usaha.

Kwa mpenzi wa vitofali hatari ya kwanza ni fedha. Ile meli ya Titanic na ule Mnara wa Eiffel vilianza kuuzwa kwa zaidi ya dola 600 za Marekani kila kimoja. Haba na haba hujaza kibaba, lakini haba na haba hukimaliza pia. Wengine hujipa moyo kwa kusema kwamba wanaweka akiba. Ni kweli kwamba mwaka 2022 watafiti wa chuo kikuu kimoja cha Moscow walichapisha taarifa kuonyesha kwamba masanduku yaliyoacha kutengenezwa yalipanda thamani kwa wastani wa asilimia 11 hivi kwa mwaka, wakiangalia miaka ya 1987 hadi 2015. Lakini huo ni wastani. Yako yaliyopanda sana na yako yaliyoshuka. Tena sanduku linalouzwa kwa bei nzuri ni lile ambalo halijafunguliwa. Aliyelifungua akajenga amepata furaha yake, na hiyo ndiyo faida yake.

Hatari ya pili ni kurundika. Shirika la Afya Duniani limeutambua urundikaji wa vitu uliopita kiasi kuwa ugonjwa unaojitegemea katika orodha yake mpya ya magonjwa, iliyoanza kutumika mwaka 2022. Mkusanyaji na mrundikaji hawafanani. Mkusanyaji huchagua, hupanga, na hupenda kuwaonyesha wengine. Mrundikaji hushindwa kutupa hata kisichofaa, vyumba vyake havitumiki tena, na mara nyingi huona aibu mgeni akibisha hodi.

Zifuatazo ni dalili za kuangalia, si kwa vitofali tu bali kwa shughuli yoyote ya kupenda:

1. Mtu anakopa, au anatumia fedha ya chakula, karo au kodi ya nyumba.

2. Anaficha alichonunua, au anadanganya bei yake.

3. Ananunua mfululizo bila kufungua, na furaha inaisha pale tu anapokwisha kulipa.

4. Anaacha kazi, usingizi, watu wa nyumbani au wajibu wake.

5. Akikosa siku moja anakuwa mkali au anatetemeka kwa wasiwasi.

6. Amejaribu kupunguza mara kadhaa akashindwa.

Dalili moja ya siku moja isitutishe. Lakini zikiwa mbili au tatu, na zimedumu, ni vema azungumze na mganga au mshauri nasaha.

Lipo pia jambo la kinyume, nalo tusilisahau. Mtu mwenye sonona, yaani huzuni nzito isiyoondoka kwa muda wa majuma mawili au zaidi, mara nyingi huacha hata kile alichokuwa akikipenda. Kwa hiyo siku mtu akiliweka pembeni sanduku lake, akawa hali, halali, haoni raha ya kitu chochote, hapo ndipo pa kushtuka, hata kama jamaa watafurahi kwamba hatimaye ameacha mambo ya kitoto.

MTOTO MDOGO NDANI YA NYUMBA

Sasa tuje kwenye swali la pili. Vipande hivi vidogo havimfai mtoto aliye chini ya miaka mitatu. Mtoto wa umri huo huonja kila kitu, na koo lake ni jembamba. Mtu mzima anayejenga katika nyumba yenye mtoto afanyie kazi juu ya meza pana au sinia kubwa yenye ukingo, avihesabu vipande anapomaliza, na aviweke ndani ya chombo chenye kifuniko. Kisha apite na tochi chini ya meza kabla ya kwenda kulala.

Mtoto akipaliwa, tufanye hivi:

Kama anakohoa kwa nguvu au analia, hewa inapita. Mwache akohoe, kaa naye, usimpige mgongoni. Kama hawezi kukohoa, kulia wala kupumua, msaidie mara moja, na mtu mwingine akimbilie msaada.

Mtoto chini ya mwaka mmoja: Mlaze kifudifudi juu ya mkono wako, kichwa kikiwa chini kuliko kifua, ukikishikilia vizuri. Mpige mara tano kati ya mabega kwa kiganja. Kisichotoka, mgeuze chali, msukume mara tano katikati ya kifua, juu ya mfupa. Rudia moja baada ya jingine.

Mtoto wa zaidi ya mwaka mmoja: Mwinamishe mbele, mpige mara tano kati ya mabega. Kisichotoka, simama au piga magoti nyuma yake, weka ngumi juu kidogo ya kitovu, ishike kwa mkono wa pili, vuta ndani na juu kwa nguvu mara tano. Rudia. Baadaye apelekwe hospitali aangaliwe tumbo, hata kama kitu kimetoka.

Usiingize kidole kinywani ukipapasa bila kuona, kwani utakisukuma kitu ndani zaidi. Akizimia, aanze kufanyiwa huduma ya kupulizia pumzi na kukandamiza kifua huku akikimbizwa hospitali.

Je, kama amemeza na kitu kimekwisha kushuka tumboni? Mwaka 2018 madaktari sita wa watoto walijitolea kumeza kila mmoja kichwa cha kisanamu cha LEGO, kisha wakachunguza vyoo vyao. Vichwa vilitoka kwa wastani wa siku 1.71. Mmoja wao hakukiona chake hadi leo. Madaktari hao walikuwa watu wazima, lakini funzo lake linasaidia: kitu kidogo kilicho laini kikifika tumboni kwa kawaida hupita chenyewe. Hata hivyo mtoto akitapika, akiumwa tumbo, akitokwa na mate mengi, akishindwa kumeza au akipumua kwa shida, apelekwe hospitali bila kuchelewa.

Kuna vitu viwili ambavyo havingoji dalili. Cha kwanza ni betri ndogo za duara, zinazowekwa kwenye taa za baadhi ya vitu hivi. Betri ikikwama kooni inaweza kuunguza nyama ya ndani kwa muda wa saa mbili. Cha pili ni sumaku. Zikimezwa mbili huvutana na kubana utumbo. Vyote viwili ni vya kukimbizwa hospitali saa ileile, na mtoto asitapishwe.

Neno kuhusu vitofali vya mitumba. Mwaka 2018 uchunguzi wa Chuo Kikuu cha Plymouth, Uingereza, ulikuta madini yenye sumu, yakiwemo risasi na kadimi, katika plastiki nyingi za zamani za kuchezea, hasa za rangi nyekundu, njano na nyeusi. Miongoni mwake vilikuwamo vitofali vya miaka ya 1970 na 1980. Mtu mzima anayevikusanya na kunawa mikono hana sababu ya hofu, ila visipewe mtoto anayenyonya kila kitu. Vya kawaida vioshwe kwa sabuni na maji ya vuguvugu, yasiyozidi nyuzi joto 40, visije vikapinda.

MWILI WA MJENZI

Anayekaa akiinama kwa saa nne ataumwa shingo na kiuno, hata kama moyo unafurahi. Meza ifikie usawa wa viwiko, taa iwe ya kutosha, na kila nusu saa asimame, ajinyoshe, atazame mbali kupumzisha macho. Asifike saa sita za usiku kama alfajiri ana zamu. Na avae ndala! Mwaka 2012 wataalamu wa Open University ya Uingereza walipima kitofali chenye vinundu vinne wakakuta kinaweza kustahimili uzito wa takriban kilo 430 kabla hakijabonyea. Ndiyo maana ukikikanyaga gizani, kinachokubali kushindwa ni mguu.

JIBU KWA MAMA YETU

Mama, kutokana na uliyotueleza, mwanao si mgonjwa. Analipa karo, anakuja nyumbani, anakaa mezani mbele yenu bila kuficha, na anacheka akiulizwa. Hizi si dalili za mtu aliyechanganyikiwa. Kosa alilonalo ni la kuacha vipande sakafuni penye mtoto, na hilo mwambie waziwazi, kwani ni mkubwa wa kutosha kuelewa.

Lakini alikujibu kwamba anapumzika, na ninyi nyote mlitazama vitofali. Hakuna aliyemwuliza anapumzika kutokana na nini. Mtu wa miaka 36, yuko peke yake nchi ya baridi, anauguza wagonjwa usiku, na anabeba karo za wadogo zake. Huenda mzigo anaumudu. Huenda unamzidi, na hajui amwambie nani, maana katika familia yeye ndiye anayeambiwa shida, wala si anayezisema. Shangazi zake wamepima afya yake kwa vitofali. Sisi tungependa uipime kwa usingizi wake, kwa chakula chake, na kwa jinsi anavyoizungumzia kazi yake.

Atakapokuja tena, au atakapopiga simu, usimwulize ataacha lini. Mwulize anajenga nini sasa. Akiwa nyumbani, vuta kiti ukae naye, mwombe akupe kazi ya mgavi: yeye asome ramani, wewe utafute vipande. Si lazima umwulize neno usiku wa kwanza. Mikono ikiwa na kazi, na macho yakiwa mezani, watu husema mambo ambayo hawawezi kuyasema wakitazamana. Wanaocheza bao wanalijua hilo, na akina mama wanaochambua mchele pamoja wanalijua zaidi.

Na mjukuu wako akiamka, funikeni sanduku kwanza.